Nyumba Ikianza Kunguruma: Namna ya Kusikiliza Mabomba, Hita na Pampu za Nyumbani

(Mazungumzo haya yalitolewa na fundi mkuu mstaafu wa maji mbele ya wananchi na watendaji wa kata, katika ukumbi wa Halmashauri, wakati wa Wiki ya Maji. Tunayachapa kama yalivyosemwa, ila tumepunguza yaliyorudiwa. – Mhariri)



Wenzangu walionitangulia wiki hii wamekwisha kueleza habari za vyanzo vya maji, upandaji wa miti na ulipaji wa ankara. Mimi nimefanya kazi ya mabomba kwa miaka 36, na katika muda wote huo chombo nilichokitumia kuliko spana na kuliko msumeno ni sikio. Kwa hiyo nitazungumza juu ya sauti.

Maji yakiwa na afya ndani ya nyumba ni kiumbe mpole. Huvuma kidogo yanapotoka, hunyamaza yanapofungwa. Yanapoanza kugonga, kuzomea, kukohoa au kunguruma, aghalabu kuna jambo linalotendeka mahali usipopaona, ndani ya ukuta au chini ya sakafu. Shida yetu ni kwamba mwananchi hufika ofisini na kusema, "Bomba langu linalia." Karani humuuliza, "Linaliaje?" Hapo mazungumzo huisha. Fundi anatumwa, anafika saa tano asubuhi, nyumba imenyamaza kimya, anaondoka. Usiku sauti inarudi. Nimeshuhudia kaya ikiitwa waongo kwa sababu hiyo, na nilikuwa mimi niliyewaita hivyo, Mungu anisamehe.

Basi kabla ya kuja ofisini, naomba kila mmoja ajue mambo matatu: sauti inatokea lini, inasikika zaidi wapi, na ni nini kilichofunguliwa au kufungwa muda mfupi kabla yake. Ukiwa na majibu hayo, fundi mzuri ataweza kutaja ugonjwa kabla hajavuka kizingiti chako.

Nianze na mgongo wa bomba. Unafunga koki, na papo hapo unasikia "ngo!", pengine "ngo-ngo-ngo" inayofifia. Sisi mafundi tunaita nyundo ya maji, na jina hilo halikutiwa chumvi. Maji yana uzito, na yakiwa mbioni ndani ya bomba ni kama mkokoteni uliojaa unaoteremka mlima. Ukiyafungia njia ghafla, uzito ule wote hugonga mlango. Mshindo husafiri kurudi nyuma ndani ya bomba, hugonga upande wa pili, hurudi tena. Mtu aliyeyafanyia mahesabu mambo haya ni Mrusi, Nikolai Zhukovsky, aliyefanya majaribio katika mabomba ya maji ya Moscow na kuchapisha matokeo yake mwaka 1898. Kutokana na hesabu zake tunajua kwamba maji yanayokwenda mwendo wa mita 1 tu kwa sekunde katika bomba la chuma, yakisimamishwa ghafla, huongeza msukumo wa takriban baa 12 juu ya ule uliokuwapo. Baa 1 ni kama uzito wa maji yaliyosimama wima mita 10. Kwa hiyo mtoto anayefunga koki kwa kishindo anaweza kulibebesha bomba, kwa kitambo kifupi sana, mzigo wa maji yenye kimo cha mita 120. Bomba la plastiki hulegea kidogo, na pigo lake huwa kama robo au theluthi ya hilo. Lakini maungio yake nayo ni dhaifu zaidi.

Zamani, koki za kuzungusha mara nne tano hazikuleta shida hii, kwa sababu hazikuruhusu haraka. Siku hizi tumependa koki za mkono mmoja, za robo mzunguko, na wachache wamenunua mashine za kufulia ambazo hufunga maji zenyewe kufumba na kufumbua. Dawa ya kwanza haina gharama: funga taratibu. Dawa ya pili ni kuyashika mabomba kwa vibanio ukutani, maana bomba linaloning'inia hugonga mara mbili, kwanza kwa maji na kisha kwa ukuta. Dawa ya tatu ni kipande cha bomba kilichosimama wima karibu na koki, kilichozibwa juu, ili hewa iliyomo iwe godoro la kupokea pigo. Hewa hiyo huyeyuka ndani ya maji pole pole, na baada ya miezi godoro linakwisha. Hapo ni kufunga koki kuu, kufungua koki zote mpaka mabomba yakauke, kisha kuyajaza upya.

Hata hivyo, katika wilaya yetu kuna sababu nyingine ambayo wanaoishi tambarare hawaijui. Matangi yetu yako juu kilimani, na nyumba nyingi ziko bondeni. Kila mita 10 za kuteremka huongeza baa 1. Nyumba iliyo mita 70 chini ya tangi, saa nane za usiku wakati wote wamelala na hakuna anayeteka maji, hubeba baa 7 katika koki zake na katika mipira ile myembamba ya chooni. Ndiyo maana mitandao yetu ina vitangi vidogo vya kupunguza msukumo njiani. Maji huingia humo, hupoteza nguvu, kisha huanza safari upya. Nawaomba viongozi wa vyombo vya maji mnisikilize hapa: mtu akijiunganishia bomba juu ya kitangi hicho, kwa urafiki au kwa ujanja, amejinunulia msukumo ambao nyumba yake haiuwezi. Bomba lake litagonga usiku kucha. Atakuja kulalamika, wala hatasema alijiunganishia wapi.

Sauti ya pili ni ndogo, nayo ndiyo inayokula fedha za watu. Ni mzomeo: "ssss", mwembamba kama wa nyoka aliyejificha kwenye nyasi, unaosikika nyumba inapotulia. Wengi huudhania kuwa ni wadudu au ni umeme. Aghalabu ni maji yanayopenya kwenye tundu.

Acheni niwape hesabu. Tundu la upana wa milimita 1.5, ambalo ncha ya msumari mwembamba ingelifunika, katika bomba lenye msukumo wa baa 4, hupitisha zaidi ya lita 2,500 kwa siku. Hizo ni uniti mbili na nusu. Kwa mwezi ni takriban uniti 75, na zote huingia ardhini pasipo mtu kuosha hata kikombe. Niliwahi kupelekewa ankara ya bibi mmoja aliyekuwa akiishi na wajukuu wawili. Kaya ile ilitumia uniti tano au sita kila mwezi, ghafla ikaandikiwa zaidi ya 60. Jirani walisema dira imechezewa, msoma dira akasema bibi anauza maji kwa siri, na bibi akawa ameacha kusalimiana na nusu ya mtaa. Nilikwenda usiku, nikakaa jikoni, taa tukazima. Nilipoweka sikio ukutani nilisikia mzomeo. Bomba lilikuwa limepasuka chini ya sakafu ya chumba ambacho mwanawe marehemu alikijenga, na maji yalikuwa yakipotelea kwenye mchanga bila kutokeza unyevu popote. Tulivunja sakafu kiasi cha upana wa sinia. Madeni yalizungumzwa ofisini yakamalizika. Salamu za majirani zilichukua muda mrefu zaidi.

Kipimo chake kila mtu anaweza kukifanya leo jioni. Funga koki zote za ndani, hakikisha boya la chooni limefunga, kisha nenda kwenye dira yako na tochi. Dira nyingi zina kijinyota kidogo au pembetatu ndogo inayozunguka hata maji yakipita kidogo sana. Ikizunguka wakati koki zote zimefungwa, maji yanakwenda mahali. Sasa funga koki kuu ya nyumba, ile iliyo baada ya dira. Kinyota kikisimama, uvujaji uko upande wako baada ya koki hiyo, nao ni wa kwako kuutengeneza. Kikiendelea, tatizo liko kati ya dira na koki. Njoo utuone upesi. Kwa wale wenye mabomba ya chuma, chukua nondo nyembamba, ncha moja iguse bomba, nyingine iegemee mfupa ulio mbele ya sikio. Utashangaa. Chuma husafirisha sauti mbali sana. Plastiki huimeza, kwa hiyo kwenye bomba la plastiki sikiliza penye viungio vya chuma, kwenye koki na kwenye dira.

Nakuja sasa kwenye sauti ambayo watu huicheka, nayo mimi ndiyo inayoninyima usingizi kuliko zote.

Maji yakikatika kwa mgao au kwa matengenezo, na mtu akafungua koki, mara nyingine haitoki hata tone, bali husikika koki inavuta hewa kwenda ndani: "fyoo", kama mtu anayemalizia togwa kwa mrija. Watoto hupenda kuweka kiganja na kuona kinavyong'ang'aniwa. Maana yake ni nini? Maji yaliyobaki katika bomba kubwa yanateremka bondeni, ambako nako mtu amefungua koki. Yanapoteremka huacha utupu nyuma yake, na utupu huo hunyonya chochote ulichoukaribishia. Ikiwa koki yako iko wazi hewani, utanyonya hewa. Ikiwa umechomeka mpira kwenye koki na ncha yake imezama ndani ya ndoo ya maji ya sabuni, utanyonya maji ya sabuni. Ikiwa ncha imezama ndani ya pipa la dawa ya kuogeshea ng'ombe au ya kunyunyizia viazi, ndugu zangu, dawa hiyo imeingia katika bomba la kijiji. Maji yakirudi, yataisukuma hadi jikoni kwa mwenzako.

Sisemi jambo la kubuni. Niliitwa kwenye mtaa mmoja ambako maji yalirudi yakiwa na povu. Nyumba ya tatu kutoka barabarani, mama alikuwa tayari amewakorogea watoto uji. Ladha ikamshtua, akamwaga. Tulifuata povu lile nyumba kwa nyumba mpaka tukaufikia mpira uliozama ndani ya beseni la nguo. Aliyeuweka ni binti mtiifu aliyekuwa akisubiri maji yarudi ili ajaze beseni. Hakufanya kosa ambalo mtu amewahi kumwambia ni kosa. Nilipokuwa nikirudi nyumbani jioni ile niliwaza juu ya kona ya pili ya mtaa, ambako mzee mmoja alikuwa na pipa la dawa ya mifugo na mpira kama ule ule, nao umezama vile vile. Umbali kati ya povu na msiba ulikuwa nyumba nne.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na nitayasema polepole. Mpira usizamishwe kamwe ndani ya chombo. Kati ya mdomo wa koki na maji ya chombo paachwe nafasi, vidole viwili angalau. Anayechanganya dawa achote maji kwa ndoo safi na kuyamimina; asilete mpira penye pipa. Kaya zenye mabirika ya kunyweshea mifugo ziweke valvu isiyoruhusu maji kurudi nyuma, na boya liwe juu ya usawa wa maji. Ukisikia koki inanyonya, ifunge, funga na nyingine zote. Maji yakirudi, yale ya mwanzo yaende kwenye kudeki au chooni, na ya kunywa yachemshwe, kwa kuwa utupu huo huvuta pia tope kupitia kila ufa ulioko njiani.

Baada ya kunyonya huja kukohoa. Maji yanaporudi yanasukuma hewa mbele yake, koki inakohoa na kutema. Hilo halina ubaya wenyewe, ila lina mambo mawili. Hewa ikikimbia huizungusha dira, nawe unalipia upepo. Na maji yanayokuja nyuma yake kwa kasi hugonga kama nyundo niliyoieleza. Maji yakikatika, funga koki kuu. Yakirudi, ifungue kidogo kidogo, huku koki moja ya ndani ikiwa wazi kiasi, mpaka kukohoa kuishe.

Sasa niingie bafuni. Wilaya yetu ina baridi, na watu wamejenga vizuri. Hita za umeme zimekuwa nyingi, zile za tangi la lita 30, 50 au 80 linalotundikwa ukutani. Hita nayo huzungumza. Inapopata moto husikika "tik, tik" ya chuma kinachotanuka; hiyo ni sauti ya afya, kama ile ya mabati yetu jua linapochomoza. Baada ya mwaka mmoja au miwili, penye maji ya kisima yenye chumvichumvi, huanza kunguruma kama sufuria ya maharage. Aliyewahi kuishi Dodoma na kuona ukoko mweupe ndani ya birika anajua kinachotokea. Chokaa hujishika kwenye kinu cha kupashia joto na kulala chini ya tangi. Maji yaliyonaswa chini ya ukoko huchemka pale pale, hutoa mapovu ya mvuke, na mapovu yakipanda hukutana na maji ya baridi, hupasuka. Ndiyo mngurumo huo. Nchi za baridi kama Uingereza, ambako nyumba nzima hupashwa moto kwa maji yanayozunguka vyumbani ndani ya mabomba na mabamba ya chuma, mafundi wa huko huipa sauti hii jina la birika, kwa kuwa ndivyo inavyosikika. Tiba ni ile ile huko na hapa: kuzima umeme, kuacha maji yapoe, kuyamwaga, kulifungua tangi na kuuondoa ukoko. Fundi akague na kile kijiti cha magnesiamu kilichomo, kinachokubali kuliwa na kutu ili tangi lisiliwe. Kirekebisha joto kiwekwe kwenye nyuzi 60 hivi. Ukipandisha zaidi chokaa huongezeka, na ukishusha mno vijidudu hupata makao.

Lakini mngurumo unaweza kuwa na maana nyingine kabisa, na hapa sina budi kueleza kosa langu.

Chini ya hita, penye bomba la maji baridi, kuna valvu ndogo yenye mdomo unaotazama chini. Hita ikipata moto, mdomo huo hudondosha maji. Wengi hudhani ni uvujaji. Siyo. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 15 hadi 65 hutanuka, na katika tangi la lita 50 hutafuta nafasi ya karibu lita 1 zaidi. Pasipo pa kwenda, hutokea hapo. Valvu hiyo ndiyo pua ya hita.

Nilikuwa na miaka minne tu kazini. Mwenye nyumba ya wageni aliniita akilalamika kwamba hita yake inadondosha na kuharibu rangi ya ukuta. Alikuwa mtu mzima, ananilipa taslimu, na mimi nilitaka nionekane nimefanya kazi. Nilichukua kizibo cha shaba cha nusu inchi nikakikaza kwenye ule mdomo. Ukuta ukakauka. Akanishukuru. Nikaenda zangu.

Usiku wa tatu mpishi wa nyumba ile alisikia hita inanguruma. Alipofungua koki ya moto jikoni, ulitoka mvuke mtupu. Mwanamke yule hakuwa na elimu ya ufundi, lakini alifunga koki, akaenda kwenye swichi kuu akazima umeme, akawaamsha wageni akawatoa nje, katika baridi, na matusi yao akayapokea. Alfajiri alikuja mwalimu wangu wa kazi. Hakugusa kitu mpaka tangi lilipopoa, mchana. Alipofungua, tulikuta kirekebisha joto kimeungua na kushikana, hakikuwa kikizima tena. Maji yalikuwa yamepita nyuzi 100 yakiwa yamefungiwa, bila pua. Tangi likipasuka katika hali hiyo, maji hayamwagiki tu. Sehemu yake hugeuka mvuke kwa mara moja, na lita 1 ya maji ikigeuka mvuke hudai nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Ukuta ule wenye rangi nzuri ulipakana na chumba chenye vitanda viwili.

Mwalimu wangu hakunigombeza. Alikizungusha kile kizibo, akakitoa, akaniwekea mkononi. Ni hiki hapa, nimekuja nacho. Kipitisheni, kila mtu akishike.

Basi: mdomo wa valvu ya hita usizibwe, uwekewe kijibomba kinachopeleka matone mahali salama. Ukiona haudondoshi kamwe, mwite fundi, huenda chokaa imeuziba. Na mngurumo ukiambatana na mvuke kwenye koki ya moto, zima umeme kwenye swichi kuu, usiiguse hita, usifungue koki zake, toa watu karibu na ukuta ule, subiri ipoe. Kwa zile hita ndogo za kichwa cha bomba la kuogea, sikiliza mvumo: mvumo mdogo ni wa kawaida, lakini ukisikia cheche, au ukihisi mwasho mwepesi unapogusa koki, umeme umepotea njia na nyumba yako haina waya wa ardhini unaofaa. Toka bafuni, zima, umwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Asije mjomba, hata kama anajua.

Pampu nitazisema kwa ufupi, maana zina mafundi wake. Pampu inayovuma bila kuzunguka izimwe mara moja. Ama imekwama, ama kapasita yake imekufa, na kila dakika inaunguza waya. Pampu inayowaka na kuzima kila baada ya sekunde chache imepoteza hewa katika kitangi chake cha msukumo, au kuna mahali panapovuja. Ya kuangalia zaidi ni ile inayosaga kama imemeza kokoto. Wengi huifungua wakitafuta mchanga, wasiuone. Kokoto hizo ni mapovu: pampu inavuta kuliko maji yanavyoweza kuja, maji yanachemka kwa utupu ingawa ni ya baridi, na mapovu yakipasuka hutafuna chuma cha ndani mpaka kiwe kama sega la nyuki. Vitabu husema pampu ya juu ya ardhi huweza kuvuta maji kutoka kina cha mita 10, kwa nadharia. Hiyo ni hesabu ya pwani. Sisi tulio kwenye mita 2,000 juu ya usawa wa bahari hewa yetu ni nyepesi. Nadharia yenyewe hushuka hadi mita 8, na kwa kazi ya kweli nisingemshauri mtu apite 5. Muuzaji wa dukani mjini hatakwambia hilo, kwa kuwa pampu hiyo hiyo aliyomuuzia mtu wa Tanga inafanya kazi vizuri.

Jambo moja la ofisi, kisha nimalize. Nimezungumza na wenzetu wa dawati la wateja, nao wamekubali kwamba fomu ya malalamiko iongezwe mistari ya kuandika sauti: ni ya namna gani, saa ngapi, na nini kilifunguliwa kabla yake. Asiyejua kuiandika aiige kwa mdomo, karani ataiandika. Msione haya. Mimi nimelipwa mshahara miaka mingi kwa kuiga sauti za mabomba mbele ya wakubwa zangu. Na kwa sauti za usiku, tumeomba fundi wa zamu aruhusiwe kwenda usiku. Mheshimiwa Mwenyekiti ameniahidi jibu katika kikao kijacho, na nimelisema hapa hadharani kwa makusudi.

Sasa naomba tutoke nje taratibu. Penye dira ya ofisi hii nimeacha nondo tatu. Nimesikiliza asubuhi kabla hamjafika, na yapo maji yanayozomea kati ya hapa na choo cha ukumbi. Tuanze na watoto, masikio yao ni mazuri kuliko yetu. Atakayepaonesha mahali penyewe, hapo ndipo tutakapochimba.